Jangwa la Ndani ya Beseni

Uvundo ulimpokea Justa kabla ya mtu yeyote. Alikuwa hajaufikia hata uzio wa kituo, mkoba bado begani, vumbi la barabara ya Kisesa limemkaa kwenye kope, akasikia harufu ya kitu kilichokufa zamani na hakuna aliyejali kukizika. Akaziba pua kwa ncha ya mtandio. Mtaalamu wa watu, na shahada yake ya hali ya hewa, amekuja kukagua vyombo vyake kabla ya sherehe ya kesho, na vyombo vyenyewe vinanuka kama matumbo ya samaki yaliyosahauliwa juani.

Kituo kilikuwa kiwanja kidogo nyuma ya ofisi ya kijiji cha Mwashilindi, mbele ya Bujora, mahali ambapo ukipanda juu ya jiwe unaliona ziwa mpaka linapokutana na mbingu. Ndani ya uzio palikuwa na kopo la kupimia mvua, na kando yake, juu ya kichanja cha mbao, beseni la chuma pana kiasi cha mtu kujikunja humo akalala. Kazi ya beseni hilo haina uganga. Linajazwa maji mpaka kwenye alama, linaachwa juani, na kila asubuhi mtu anaangalia maji yameshuka kiasi gani. Kilichopungua kimenywewa na jua na upepo. Kopo la mvua linakuambia mbingu imetoa nini, beseni linakuambia mbingu inadai nini, na ukigawanya cha kwanza kwa cha pili unapata kipimo cha ukavu wa nchi. Mbingu ikitoa karibu sawa na inachodai, unalima na kushukuru. Ikitoa chini ya moja ya tano, vitabu vinaiita nchi hiyo kame, na wapenda semina wanaiita jangwa, maana neno jangwa linapendeza zaidi kwenye bango.

Kwa hesabu ya Justa mwenyewe, Mwashilindi ilikuwa imeangukia huko. Jangwa linalotazamana na ziwa. Alipoitoa hesabu hiyo, akiwa ofisini kwake Mwanza, ilimkera kidogo kama mwiba wa samaki kwenye fizi, lakini mkurugenzi wake aliisifu sana, na mtu akisifiwa huacha kujichokonoa.

Sasa alichungulia ndani ya beseni. Maji yalikuwa ya kijani, mazito, ute umeshika kingo kama makamasi ya mtoto asiye na mlezi. Wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi na kufunika taa za watu, walikuwa wamekufia humo wakatanda juu, na wa siku nyingi zaidi walikuwa wameoza wakawa uji mweusi chini. Chura alielea pembeni, tumbo juu, amevimba. Wavu wa waya uliotakiwa kulifunika beseni ulikuwa umeinuliwa upande mmoja, na hapo ulipoinuliwa palikuwa pamelainishwa na mikono mingi, panang'aa kama mpini wa jembe. Chini ya kichanja, nyuma ya jiwe, palikuwa na kikombe chekundu cha plastiki kimefunikwa kwa jani la mgomba. Kikombe kilikuwa kisafi.

Usafi wa kikombe ndio uliomtisha. Mbwa hulamba, ndege huoga, ng'ombe akipata upenyo huingiza pua. Lakini hakuna hata mmoja kati yao anayefunika kikombe kwa jani baada ya kunywa.

Nyumba ya mama yake ilikuwa umbali wa kuitana kutoka pale. Ng'washi, mjane wa miaka mingi, alikuwa uani anapepeta mtama, na nyuma ya nyumba yake ilianza ngitili. Asiyeijua ngitili aelewe hivi: ni kipande cha malisho ambacho Wasukuma hukifunga wakati wa masika, ng'ombe hawaingii, nyasi zinaachwa zisimame zikauke zikiwa zimesimama, ili kiangazi kikikaza mifugo iwe na cha kula. Hakuna ukuta wala kufuli. Ni neno tu la wazee, na neno hilo lilitosha. Mlima wa upande wa pili ulikuwa umebaki mawe na vumbi jekundu, lakini ngitili ya Ng'washi na majirani zake ilisimama ya dhahabu, nyasi zinafika kiunoni. Ng'ombe walikuwa wamefungwa kwenye zizi wakiitazama kwa uchu. Mama alikuwa akisubiri muda wake afungue.

"Shikamoo mama."

"Malahaba, mayu. Mbona umekonda hivyo? Mwanza hakuna chakula?" Ng'washi alikuwa Msukuma wa kale, herufi ya r ilikuwa haijawahi kupita kinywani mwake, na binti yake alimwita mayu, yaani mama, kwa mapenzi. "Kaa. Nikupe maji kwanza."

Akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda yenye maji na kikombe cha bati. Akamimina, akaonja kwanza yeye, kama alivyoonja tangu Justa apate akili. Huko kwao mwenye kukaribisha ndiye huonja kwanza, iwe pombe, iwe togwa, iwe maji, ili mgeni ajue hakuna kilichotiwa. Hata mwanao wa kumzaa unamwonjea. Kisha akampa kwa mikono miwili.

Justa alikuwa na kiu ya safari. Alipiga mafunda mawili makubwa kabla ulimi haujapata nafasi ya kuuliza. Ndipo ladha ikafika: kutu, ukungu, na kitu kingine cha chini zaidi, kama maji ya kwenye chombo cha maua makaburini. Kitu chepesi kilikuwa kimenata kwenye ulimi. Akakitoa kwa kidole, akakiangalia. Bawa.

"Mama, haya maji ya wapi?"

"Si hayo yako, mayu," mama akasema kwa furaha. "Ya beseni."

Justa hakufika mbali. Alitapikia nyuma ya jiko, juu ya magunzi, akatapika mafunda yale mawili na chai ya asubuhi na kitu cha njano ambacho hakukijua. Alipoinua kichwa, mama yake alikuwa amesimama pembeni na chupa mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa.

"Unatapika balaka," Ng'washi akasema taratibu.

Basi habari nzima ikatoka. Mwaka uliopita, siku ya kuzindua kituo, mkurugenzi alitaka mambo yawe ya heshima, akaomba padre aje kubariki mradi. Padre alikuja, akabariki maji kwenye ndoo, akanyunyizia uzio, kopo, beseni na watu. Ndoo ikabaki nusu. Padre akiwa anapanda gari akamwambia Yakobo, katekista wa kigango, kwamba maji yale yasimwagwe ovyo. Yakobo aliitikia. Na Yakobo huyo huyo ndiye mradi ulikuwa umemwajiri asubuhi hiyo kuwa msomaji wa beseni. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona chombo kikubwa, kipya, cha chuma kinachong'aa, tena kimeshanyunyiziwa. Akamimina humo. Mtu gani mwenye akili zake angemwaga chini?

Kesho yake bibi mmoja mwenye macho mabovu akaja akachovya vidole. Akasema anaona. Tangu hapo hapakukalika. Wakristo walichota, na wasioijua njia ya kanisani walichota pia, maana baraka haiulizi cheti cha ubatizo. Walimpa mgonjwa, walinyunyizia mbegu, walimnywesha ng'ombe aliyegoma kuzaa. Yakobo kila asubuhi alijaza beseni kwa maji ya kisima mpaka kwenye alama, na hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu maji ya kawaida yakiingia kwenye ya baraka yanakuwa ya baraka. Wangeweza kunywa kisimani palepale, maji yaleyale, bila chura. Lakini ya kisimani hayakuwa na padre.

"Mimi magoti yalikuwa yananisumbua," Ng'washi akamalizia. "Nikasema, beseni limeletwa na mwanangu, likabalikiwa na padili. Nikose nini tena hapa duniani?"

Justa alikaa juu ya kinu, jasho baridi likimtoka. Alikuwa anapiga hesabu. Beseni lile, ukichota ndoo moja, kwenye kipimo inaonekana kama jua la siku tatu. Ndoo moja. Na kijiji kizima kilikuwa kinachovya. Mvua ya Mwashilindi haikuwa imepungua, hilo alilijua, namba za kopo zilikuwa palepale. Kilichoiangusha Mwashilindi jangwani ni kiu ya ajabu ya jua lake, na jua halikuwa na kiu hiyo. Kiu ilikuwa ya watu, na yeye aliigawanya, akaichora, akaiwekea rangi nyekundu kwenye ramani.

Kesho saa nne rangi hiyo nyekundu ilikuwa inatangazwa. Nguzo za uzio zilikuwa zimeshashushwa kando ya njia, na mama yake alidhani ni za kulinda ngitili dhidi ya wezi wa majani. Justa alijua zaidi. Eneo likitangazwa jangwa, mradi unalifunga, ng'ombe hawaingii tena, nyasi zinang'olewa, inapandwa mikaratusi. Alikuwa ameusoma mpango huo kwa macho yake, akaona jina la ngitili ya kwao, akajiambia sayansi haina mama. Sasa sayansi yenyewe ilikuwa ya uongo, na ng'ombe wa mama yake wangebaki kula mawe.

Alimtafuta Yakobo, akamkuta kanisani anafagia.

"Shikamoo katekista. Ulikuwa unajua kwamba wanakunywa maji ya beseni?"

"Marahaba. Nilikuwa najua, ndiyo. Hata mimi nakunywa, Ijumaa."

"Na ukawa unanitumia namba tu kwenye simu?"

Yakobo aliegemea fagio, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Uliniambia nitume maji yaliposhuka. Hukuniambia nitume nani kayashusha."

Yakobo hakuwa mjanja wala mwongo, alikuwa amefanya alichoambiwa, na aliyemwambia alikuwa amekaa Mwanza kwenye kiti cha kuzunguka.

Jioni, jua likiwa bado juu ya mawe, Justa alimfuata mkurugenzi Jonathan kwenye nyumba ya wageni pale Kisesa. Alimkuta uani mbele ya sato wa kukaanga, mikono yote miwili imezama kwenye sahani, mafuta yamemshuka mpaka kwenye saa. Jonathan ndiye aliyeubuni mradi wa Tufukuze Jangwa, na alikuwa na sauti nene ya kuliambia jangwa liondoke. Alisikiliza akitafuna. Hadithi ilipofika kwa padre na ndoo alicheka, chembe ya ugali ikamrukia Justa kwenye mkono ikaganda hapo.

"Kwa hiyo wanakunywa kipimo," akasema. "Watu wako ni balaa."

"Hesabu si sahihi, mkurugenzi. Tuifute kabla ya kesho."

"Maji yamepungua au hayakupungua?"

"Yamepungua, lakini siyo kwa jua."

"Basi. Sisi tulisema tunapima upungufu. Anywe jua, anywe bibi, ni upungufu tu." Akamchokonoa samaki jicho kwa kidole gumba, akalifyonza, akatema kiini chake cheupe pembeni ya sahani. Kikabaki pale kinamtazama Justa.

"Nchi ile haijawa jangwa," Justa akasema. "Na jangwa haliji kwa miguu kutoka kwa watu wengine, unalijua hilo. Linaanzia palepale ardhi inapochunwa ngozi. Kama tunataka kulipima twende kule korongoni, malori yanakochimba mchanga, mvua moja tu inaondoka na udongo wote. Twende mlimani walikomaliza miti kwa mkaa. Ngitili ndiyo inayozuia. Sisi tunataka kung'oa dawa tukauite ugonjwa."

"Korongoni picha hazitoki vizuri." Jonathan alijipangusa midomo kwa kiganja. "Na aliyesaini hesabu ni wewe, Justa, siyo mimi. Kesho ukisimama useme umepima kiu ya bibi zako, nani atakuajiri tena? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga." Akamsukumia sahani. "Kula mkia huo, bado una nyama."

Mkia ulikuwa na alama za vidole vyake. Justa aliondoka bila kuaga, njia nzima akijifuta ile chembe ya ugali iliyokuwa imeshatoka zamani. Alimchukia Jonathan, lakini kilichomchefua zaidi ni kwamba Jonathan alikuwa amesema kweli kuhusu saini, na yeye alikuwa ameogopa.

Asubuhi aliamka na shauri. Halikuwa shauri zuri.

"Mama, leo kuna mgeni. Yule mkubwa wa mradi. Ametoka mbali, na hajawahi kuonja maji ya beseni."

Ng'washi aliacha kufunga kilemba. "Hajaonja? Na mladi ni wake?"

"Hajaonja. Nimeona ni aibu. Mkaribishe wewe, mbele za watu."

Mama hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Alikisugua kikombe cha bati kwa majivu mpaka kikaangaza, akavaa kitenge chake cha kina mama wa parokia, akajipaka mafuta miguuni. Alikuwa anaimba kwa sauti ya chini. Justa alimtazama akajichukia. Alikuwa na ulimi wake mwenyewe kinywani, mzima, uliosomeshwa. Alijiambia kwamba akisema yeye, Jonathan atayageuza maneno yake kuwa wivu wa kazi, lakini kikombe kikisema hakuna atakayekibishia. Nusu ya hilo ilikuwa kweli. Nusu nyingine ni woga.

Saa nne turubai lilikuwa limejaa. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja wa wilayani aitwaye Dorcas, mtu wa maneno machache, na kiti chake kiliwekwa upande ambao upepo ulikuwa unatokea kwenye beseni. Kila baada ya muda alileta leso puani akaishusha kwa adabu. Jonathan alishika kipaza sauti. Alieleza jinsi jangwa linavyotambaa, jinsi jua la Mwashilindi lilivyo na kiu kuliko jua lolote la kanda ya ziwa, jinsi linavyokunywa beseni bila huruma, usiku na mchana.

"Usiku na mchana," alirudia, na kina mama wa mstari wa mbele wakatazamana, wakaziba midomo kwa vitenge. Mzee mmoja alianza kukohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

Ndipo Ng'washi akainuka. Alikwenda kwenye beseni mbele ya macho ya wote, akainua wavu pale ulipozoea kuinuliwa, akachota. Akaja mpaka mbele ya meza kuu, akapiga magoti kwenye vumbi na yale magoti yake mabovu. Akaonja kwanza, funda kamili. Akafuta ukingo kwa pindo la kitenge, akakiinua kikombe kwa mikono miwili.

"Kalibu, baba. Maji ya balaka. Ya kwenye beseni lako."

Jonathan alikijua kilichokuwa ndani. Alikitazama kikombe, akamtazama Justa kule nyuma, na katika macho yake Justa aliona ameelewa kila kitu. Lakini kipaza sauti kilikuwa wazi, na mwanamke mtu mzima alikuwa amepiga magoti na ameshaonja. Kukataa hapo ni kusema mbele ya kijiji kizima kwamba mama huyu amekutilia kitu. Na kusema kwamba maji yameoza ni kufungua swali la nani anayeyanywa, jua au watu. Alikiweka mdomoni akitaka kulowesha midomo tu. Ng'washi akabaki amepiga magoti, anangoja, maana kikombe cha ukaribisho hakirudishwi kikiwa na maji. Akanywa. Koo lilipanda likakataa, likapanda tena, na uzi mmoja wa ute wa kijani ukambaki kwenye sharubu.

"Asante mama," akasema kwenye kipaza sauti. "Maji mazuri."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea umesimama wapi. Watu wa Mwashilindi walikuwa wamechovya kwa kujificha mwaka mzima, kwa sababu waliona uzio na wavu wakadhani wenye mradi wanabania. Kumbe mkubwa mwenyewe anakunywa, tena anasifu. Sasa cha kujificha ni nini? Mzee wa kukohoa alitangulia na kibuyu. Kina mama wakafuata na vikombe walivyovitoa kusikojulikana. Mwalimu wa kwaya alikuja na jagi. Wavu ulitupwa kando, chura akakombwa kwa jani akatupwa nje, akaangukia karibu na meza kuu akapasuka, na foleni haikuyumba. Kila kikombe kilichozama kilitibua yale ya chini, na uvundo ukaja chini ya turubai kama mgeni aliyechelewa anayetafuta kiti. Muda si mrefu chuma cha chini kikaanza kuonekana.

Dorcas alikuwa ameacha kuishusha leso. "Haya maji huwa mnayanywa?" akauliza.

Kina mama wa mstari wa mbele wakamtazama Yakobo. "Tangu yabarikiwe, mheshimiwa," Yakobo akajibu, amesimama wima kama anasoma somo la kwanza. "Mimi najaza asubuhi, wao wanakunywa. Kesho yake naangalia yaliposhuka, natuma."

Kicheko kilianzia nyuma kikazimika njiani. Dorcas aligeuza kichwa. "Mtaalamu wa hesabu hizi ni nani?"

Justa alisimama.

"Hesabu yako iliwatoa hawa wanywaji?"

"Hapana, mheshimiwa. Sikujua kama wapo. Nilikaa Mwanza nikapokea namba kwa simu. Nilipoziona kubwa mno sikuja kuangalia, kwa sababu nilisifiwa." Ilikuwa rahisi kuliko alivyoogopa, kama kutapika, ugumu uko kabla. "Mvua ya hapa haijapungua. Beseni limenywewa na watu. Jangwa tulilokuja kulitangaza halipo kwenye ngitili. Likitafutwa, lipo korongoni kwenye mchanga na kule mlimani kwenye mkaa, na huko hatukupeleka kipimo."

Dorcas alifunga faili lake. Akasema hakuna nguzo itakayosimikwa mpaka nchi ile ipimwe upya na watu watakaokuja kuiangalia kwa macho, na kwamba safari ya korongoni ataiongoza yeye. Alitaka kumpa Jonathan nafasi ya kujibu, lakini kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa nyuma ya gari la mradi, ameinama, ameshika bango lenye maneno Tufukuze Jangwa ili asianguke, na maji yalikuwa yanatoka pamoja na sato wa jana. Waliokuwa karibu walisogea ili wasirukiwe. Hakuna aliyemhurumia.

Watu walianza kuyaangalia vizuri yale waliyokuwa wameshika. Mwanga wa saa sita haufichi kitu. Mmoja alitema. Mwingine akamwaga yake chini, ovyo kabisa, na mwalimu wa kwaya akaliweka jagi lake nyuma ya mgongo. "Kumbe ni uchafu mtupu," mwanamke mmoja akasema kwa sauti, akimtazama Ng'washi kana kwamba ndiye aliyeyaozesha.

Ng'washi alikuwa amesimama kando ya beseni na kikombe chake cha bati, vumbi bado kwenye magoti. Justa alimwendea.

"Mama, ngitili imepona."

"Nimesikia."

Nzi walikuwa wameshafika kwenye beseni.

"Jana ulitapika," mama akasema. "Ulijua ni uchafu."

"Nilijua, mama."

"Na leo ukanituma. Ukaniona navaa kitenge changu, ukaniona nasugua kikombe. Ukaniacha nipige magoti mbele ya mtu na uchafu mkononi, nikimwita baba."

"Ningesema mimi asingekubali. Angesema..."

"Si umesema sasa hivi? Mdomo huo ulikuwa wapi asubuhi?" Ng'washi hakupaza sauti. "Mimi nilionja kwanza, mayu. Kwa moyo mmoja nilionja. Lakini mwenye kukalibisha leo si mimi. Ni wewe. Na wewe hukuonja."

Akainama ndani ya beseni, akaukwangua ukingo wa kikombe kwenye chuma, akakusanya yale ya mwisho kabisa. Yalikuja nusu kikombe, meusi zaidi kuliko kijani. Hakupiga magoti. Alinyoosha mkono mmoja.

Justa alikipokea kwa miwili. Juu palielea mabawa, na mguu mwembamba wa kitu ulikuwa umenata ukingoni, pale pale midomo inapokwenda. Alifumba macho akanywa. Koo likakataa, akameza. Tumbo likayarudisha mpaka kwenye meno, akayameza tena. Mama yake alingoja bila kumsaidia mpaka kikombe kikawa kitupu, akakichukua, akakipindua juu chini kuona kama kuna kinachodondoka. Hakikudondoka kitu. Basi akakifunga kwenye pindo la kitenge na kushika njia ya nyumbani, akaifungue ngitili, ng'ombe waingie.